Sumaku iliyochoka imeamka

Kariakoo, jioni hii, mezani kwa fundi.

Sumaku ya alniko (mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti), fimbo ndogo kama kidole. Imelala miaka kwenye droo na wenzake, ncha za kaskazini zikitazamana. Hapo ndipo alniko inapoisha nguvu.
Asubuhi ilibeba klipu 2 za karatasi. Basi.

Dawa: neodimiamu, sumaku yenye nguvu sana, iliyofunguliwa kwenye diski ngumu (hard disk) mbovu ya kompyuta.
Kwanza dira, kujua ncha. Kisha kaskazini ya neodimiamu inaburuzwa juu ya fimbo, kutoka kaskazini yake hadi kusini, inanyanyuliwa mbali kabisa, inarudi mwanzo. Mara 30 kila ubapa.
Ukisugua kwenda na kurudi, unajifutia kazi yako mwenyewe.

Klipu 9!
Ya tisa ilining'inia chini ya wenzake ikitetemeka kama tone kwenye bomba bovu. Tukakaa kimya kuiangalia.

Feraiti, ile nyeusi ya spika, usijisumbue kuisugua. Hiyo inataka mkupuo mkali wa umeme kwenye koili, waya uliozungushwa.
Na neodimiamu ya kawaida ikivuka nyuzi joto 80 za Selsiasi inapoteza nguvu, kwa hiyo iwe mbali na pasi ya kulehemu.

Mafundi, nyie alniko mnaihifadhije? Mnaiwekea kipande cha chuma kwenye ncha?