Nachora kama shangazi anavyosuka ukili

Nnaandika hii saa tano usiku, huyu wa mwisho ndo kwanza kalala na nepi ziko kwenye beseni zinangoja kufuliwa, bas zingoje mpaka alfajiri. Nna watoto watatu, wa kwanza ana miaka 9, wa kati 5, na huyu wa miezi 11 ambae nadhani kaapa halali mpaka miye nizeeke.

Kazi yangu inayoingiza pesa ni kupaka hina. Maharusi, wazazi waliotoka arubaini, na sikukuu ndo usiseme, mwezi ukikaribia kuandama nyumba inajaa wasichana mpaka barazani. (Piko ya rangi ya nywele kwa watoto sipaki, hata mama zao wanune, ile kitu inababua ngozi na nishaiona.) Lakini kwenye hina najihesabu fundi. Changu hasa, kile nilichokuwa nakifanya toka skuli mwalimu akinipigia makelele, ni kuchora kwenye karatasi, penseli na wino mweusi. Na hicho ndo kilichokufa nilipozaa.

Watu husema ni muda. Ah wapi. Muda wa kubanabana haukosekani, mbona hina napaka mtoto akiwa mapajani na mwengine ananivuta mtandio? Nimekaa miaka najiuliza kwa nini hina nawezana nayo na karatasi siwezi, jibu nikalipata kwa bibi harusi mmoja aliyekuwa kanyoosha miguu na somo wake anatizama saa kila dakika. Hina ina mtu anaingoja. Karatasi hakuna anaeingoja, ukiiacha wiki mbili haikupigii simu wala haiendi kwa mamako kushtaki. Halafu picha kubwa inataka uishike yote kichwani kwa mara moja, na miye nikishika penseli sikio moja liko chumbani. Nainuka kunyonyesha, nikirudi picha ishanitoka, mkono haujui ulikuwa unaelekea wapi, nabaki nakodoa. Nimechana karatasi ngapi miye, na nyengine zilikuwa nzuri.

Mavyaa wangu aliniambia siku moja, kwa upole kabisa, "mwanangu si upumzike tu, hayo mapicha yana faida gani?" Sikumjibu. Mtu mzima, na boflo la chai ya siku ile alikuwa kanunua yeye.

Mwaka jana baada ya Idi tukenda Pemba kwa shangazi yangu, karibu na Wete. Boti ya usiku, wa kati kanitapikia buibui zima, tumefika Mkoani sijui hata salamu nimeitikia vipi. Siku ya pili laasiri nimekaa na shangazi barazani, yeye anasuka ukili huku mjukuu wake kamlalia mguuni, na miye kwa uchovu sina la kufanya ila kumtizama mikono.

Kwa asiyejua: miyaa, yale majani ya kusukia, inachanwa, inaanikwa, nyengine inachemshwa na rangi, halafu inasukwa kipande chembamba, upana wa vidole vitatu vinne hivi, kinakwenda kikirefuka unakiviringa tu. Zikifika pima za kutosha ndo unaanza kushona ukingo kwa ukingo ukawa mkeka. Sasa pale katikati mtu kapiga hodi, shangazi kauweka ukili chini ya paja, kaenda kuitikia, kapitia jikoni kugeuza muhogo, kamsafisha mtoto pua, karudi. Kaushika. Kaendelea. Hata hakuutizama! Nikamuuliza shangazi unajuaje ulipofika, akanitizama kama nimeuliza maji yanachotwaje, "si ncha hii hapa?"

Yakhe, usiku ule sikulala, na safari hii si kwa sababu ya mtoto. Sanaa za wanawake wa kwetu nyingi ziko hivyo hivyo, ukili, kofia za kushona kwa mkono, zote zinakunjika, zinawekwa chini ya paja, zinakwenda nazo shughulini. Waliozitengeneza walikuwa na watoto! Hakuna aliyejifungia chumbani kungoja utulivu. Na miye nimekazana na karatasi kubwa ya mezani utadhani nna meza.

Niliporudi mjini nikatafuta karatasi nyembamba ndefu. Binamu yake baba watoto ana duka, akanipa rolu ya risiti, nikafurahi kama nimeokota dhahabu, nimechora siku tano mfululizo, maua yanatambaa kama hina ya mkononi. Kumbe karatasi ile inakula joto. Nikaisahau karibu na jiko na sufuria ya uji, nakuja kuitizama nyeusi ti. Nililia kidogo, kisha nikanunua manila nikakata vipande vya vidole vinne, nikimaliza kimoja nagundisha chengine mbele yake. Jioni naviringa natia kwenye kopo la maziwa la mtoto, juu ya kabati.

Na hapo macho yakafunguka. Nyumba yetu ni Kikwajuni, mkubwa anasoma Mji Mkongwe, mchana namngoja nje kwenye kivuli. Toka sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka Disemba 2020, jumba la masultani la tangu 1883 ambalo sote tulidhani litatuzika sisi, niliingiwa na khofu nikawa nanakili nakshi za milango kila niipatapo nafasi. Lakini nilikuwa nataka kuuchora mlango mzima, na mlango mzima hauishi, skuli zinatoka. Sasa naupokea kipande kipande. Ukiangalia vizuri fremu ya mlango wenyewe ni ukanda, mnyororo ukingoni, maua kama ya yungiyungi yanayojirudia, kwengine samaki chini na mawimbi. Fundi kachonga ua, kasogea, kachonga ua. Kanga nayo vile vile, watu wanasoma jina, yale maneno yake, wanatizama mji wa katikati, miye sasa macho yangu yako kwenye pindo.

Na sheria yangu nimejiwekea moja: siachi ua lililokwisha. Nikiitwa au nisipoitwa, naacha nusu, jani moja halina mwenziwe, ili nikirudi mkono ukute pa kushika. Ile ndo ncha yangu.

La mtu wa kuningoja nalo nilimtwika shangazi. Nikamwambia kwa simu, kila mwisho wa mwezi nakuletea picha ya kipande kwa WhatsApp ya mwanao, nisipoleta uniulize. Na anauliza huyo, usicheze nae.

Sisemi kila kitu kimekaa sawa. Sura za watu bado sizichori, zinataka kimya ambacho sina, na nilikuwa napenda sura kuliko maua. Kuna wiki kopo halishuki kabatini kabisa. Wivu pia upo, nikiona wenzangu tulosoma pamoja wana maonyesho nanuna siku nzima, hapo humkumbuka mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa hapa hapa Unguja 1954, mama yake mbunifu wa vitambaa, kanga kazichora na yeye, na tunzo kubwa ya sanaa ya Uingereza ile ya Turner kaichukua 2017 na miaka 63. Miye nna 34. Hesabu hiyo hunisaidia mpaka asubuhi hivi.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Pemba nikachukua kopo. Nikamkunjulia shangazi ukanda sakafuni, ulitoka mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji ukakunja kona. Kavaa miwani, kapita nao polepole kwa magoti, kidole hakigusi, hasemi kitu, na miye moyo unadunda kama naposwa. Mara akasimama, mahali mstari ulipoteleza na miye nikaugeuza kikonyo.

"Hapa mtoto aliamka."

Nikamwambia la shangazi, hapo umeme ulikatika.

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Halafu akaendelea kidogo, akafika kwengine, akaniuliza na hapa jee, nikasema hapo ndo aliamka. Kisha akaniuliza ntaanza kushona lini, nikamwambia karatasi shangazi haishonwi, akasema nani kakwambia, na akaingia ndani kutafuta sindano.