Karanga, Celica ya 74 iliyokuwa inasimama kwa nguvu za puti

Kama unaenda kuangalia gari la zamani unataka kununua, beba sumaku. Wala usiinunue, vunja spika mbovu ya sabufa utaikuta nyuma, mi ndo nilifanya hivyo, ila nilifanya baada ya kulipa, gari lishafika uani kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, na majirani washakuja kulishangaa. Sumaku inashika bati, puti (ile ya kujazia mashimo ya bodi kabla ya rangi) haiishiki. Nikaanza na boneti, ikang'ang'ania vizuri, nikafurahi. Nikahamia fenda ya kushoto, ikadondoka. Nikadhani nimeiweka vibaya. Chini ya milango ikadondoka, juu ya tairi la nyuma ikadondoka pande zote mbili, pembeni ya kioo cha mbele ikawa inashika hapa inaachia pale. Mke wangu alikuwa anaanua nguo akaniuliza, "Baba Neema, mbona unalipapasa hivyo, linaumwa?" Nikamwambia ndio, linaumwa.

Gari lenyewe ni Toyota Celica TA22 ya mwaka 1974, zile za mwanzo kabisa, milango miwili, taa nne za duara mbele. Toyota waliitoa Desemba 1970 pamoja na Carina, na hizo mbili ni kama ndugu wa baba mmoja, bodi tofauti lakini vitu vingi vya chini vinaingiliana, hilo lilikuja kuniokoa baadae. Habari zake nilizipata kwa dereva mmoja wa Noah aliyesema Mpwapwa kuna mzee ana "kagari ka rali" kamelala chini ya mkwaju. Watu wakiona Celica wanasema rali, na kweli Celica zilibeba ushindi wa Safari Rally 1984, 1985 na 1986, lakini zile zilikuwa turbo za kizazi cha tatu, hii yangu ni bibi yao. Sikubisha. Jumamosi yake nikawa Mpwapwa.

Mzee alifanya kazi miaka mingi Tanga kwenye mkonge, alipostaafu akarudi nayo nyumbani, ikatembea miaka michache halafu ikalala. Buti ilikuwa stoo ya majembe, siti ya nyuma kuna kuku anaatamia, mlango wa kushoto umefungwa na waya. Nikamwamkia, tukakaa, tukaongea mvua, tukaongea bei ya karanga, na mimi moyo unaenda mbio maana bodi kwa macho ilikuwa imenyooka kabisa. Baadae ndo akaniuliza, "Mjukuu, unataka kuliendesha au kukata skrepa? Maana wa skrepa wamekuja wengi, nimewafukuza." Nikamwambia kuliendesha. Hatukumalizana siku hiyo, nilirudi wiki mbili mbele na tukafunga kwa milioni moja na laki nane, akanipa funguo mbili, moja ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa tangu enzi hizo.

Tukalipandisha kwenye Fuso. Sasa njia ya kutoka Mpwapwa inapita Kongwa, na tulipofika pale dereva akaanza kucheka peke yake. Namuuliza vipi, ananiambia, "Kaka, hapa ndo Waingereza walimwaga mapesa yao kulima karanga." Kama hujui hiyo stori, kuanzia 1947 walileta matrekta na mashine za vita wakageuza pori kuwa mashamba ya karanga, udongo ukawagomea kwa ugumu, mvua ikawagomea, 1951 wakafunga mradi wakiwa wamepoteza mamilioni ya pauni. Dereva akaangalia nyuma kwenye bodi la Fuso, akaniangalia mimi, akasema, "Na wewe sasa." Basi kuanzia hapo gari linaitwa Karanga.

Turudi kwenye kutu. Mi nilijidanganya kwamba gari likikaa huku kwetu kati halili kutu sababu ya ukame, kuanzia Mei hadi Novemba hamna tone. Ni kweli kwa bati la juu. Lakini hili lilitoka Tanga na chumvi ya bahari tayari imo ndani, huko huko likapigwa puti juu ya kutu, yaani kidonda kimefungwa bila kuoshwa. Halafu vumbi. Kila gari lina vitundu vya kutolea maji, kuna vya chini ya kioo cha mbele, kuna vya chini ya milango, vumbi letu linaingia humo linajaa, na majani ya mkwaju kwa udogo wake yanapita hadi penye wavu mdogo, mvua ikija Desemba lile vumbi linakuwa tope, linakaa na unyevu mwezi mzima. Maji yakikosa pa kutokea yanaingia ndani kwenye sakafu, kapeti inayanywa, na kapeti ikishakunywa haikauki haraka hata Dodoma. Nilipotoa kapeti upande wa dereva niliona kivuli changu chini kwenye mchanga. Sio mfano, niliona mchanga wa uani kwangu nikiwa nimekaa kwenye siti.

Nikatafuta fundi bodi. Nilimpata mmoja Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma ana mikono mizuri, ila siku ya kwanza kabisa aliangalia akasema, "Boss hii siku nne tu, makopo sita ya puti inang'aa." Nikamwambia puti ndo tunaitoa. Akaniangalia kama mtu anayelipia hasara. Tukaichubua yote kwa grenda na brashi ya waya, kuna sehemu juu ya tairi la nyuma puti ilikuwa nene kuliko kidole gumba changu na ndani yake kuna gazeti. Gazeti! Wametengeneza umbo kwa karatasi wakapaka juu.

Hapa sasa ndo pa kusikiliza kama na wewe una mpango huu. Gari la milango miwili lina mlango mrefu, na kinacholibeba katikati ni ule mkono wa chuma unaopita chini ya mlango kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, ukiukata bila kuandaa, gari linakunja mgongo taratibu kama kitanda cha chaga zilizochoka. Kabla ya kukata unatakiwa uchomelee skwea paipu, yale mabomba ya chuma ya pembe nne, ndani ya uwazi wa mlango, moja ya kulala na moja ya mshazari, ili umbo lisihame. Mi nilikuwa nalijua hilo, nilikuwa nimeshalisoma. Nikaenda kazini. Kurudi jioni fundi kashakata upande wa kushoto wote, hamna skwea paipu, gari limewekwa kwenye mawe mawili mbele na mawili nyuma, na yeye anakunywa chai. Nikachukua mlango nikajaribu kuufunga, haufungi, unagonga nguzo ya nyuma, umeshuka.

Tuligombana vibaya. Yeye anasema, "Boss huu mlango niliukuta hivi hivi," mimi nasema wewe umelivunja gari mgongo af unaniletea habari za kukuta. Nilimkata elfu themanini kwenye hela yake. Halafu tukaingia kazi ya kurudisha, jeki ya chupa katikati chini na ubao juu yake, futi kamba mkononi, unapima mshazari wa uwazi wa mlango wa kulia ambao haujaguswa, unapima wa kushoto, unapandisha jeki kidogo, unapima tena. Siku mbili. Milimita kwa milimita. Umeme nao ukikatika tunakaa tunaangaliana hatuongei. Zilipolingana ndo tukachomelea skwea paipu pande zote, tukaweka bati jipya la milimita 1.2, nukta moja huku nukta nyingine kule, unaacha lipoe, maana bati jembamba ukilichomelea mfululizo linajikunja kama chipsi. Mwisho mlango wa kushoto ukafunga, ila mpaka uunyanyue kidogo na uusukume kwa nyonga. Fundi akasema ndo hapo hapo, mimi nikasema wewe tulia.

Vitu vidogo vidogo, bawaba, mabano, nati, vile ambavyo grenda haifiki, nilitoa kutu kwa magadi. Haya haya ya kupikia maharage. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko kadhaa vya magadi, kipande cha nondo ya kawaida kimefungwa waya wa chanya wa chaja ya betri, na kile chenye kutu kimefungwa waya wa hasi, visigusane. Unawasha unaondoka, asubuhi unakuta maji yamekuwa kama chai ya rangi na kutu imelegea unaifuta kwa brashi. Fanya nje sio chumbani, ile hewa inayotoka kwa vipovu ni haidrojeni na inawaka, na usitumie sufuria au kijiko cha stenlesi badala ya nondo, hiyo inatoa sumu kwenye maji. Mke wangu alikasirika kwa ajili ya magadi tu, hayo mengine hakujali.

Sasa niungame. Kabla sijagusa bodi, kabla hata ya ile sumaku, nilikuwa nimeshanunua injini. Ilala, Dar, injini ya 3S ya Toyota Altezza, ile inayoitwa Beams ya cc 1998 na giaboksi yake ya gia sita za mkono, farasi 210, Altezza nyingi za mtaani ni otomatiki kwa hiyo nilipoiona nikachanganyikiwa nikalipa. Celica hii haifiki tani moja, piga hesabu mwenyewe. Kwenye simu nilikuwa naangalia video usiku hadi saa saba. Lakini kuiweka ndani sio kuitumbukiza. Mauntingi, vile vishikio vya injini, unatengeneza mwenyewe, sampu, bakuli la oili la chini, inagombana na chuma cha kati, ule mgongo wa katikati ya sakafu inabidi uukate maana giaboksi ni pana, propela inakatwa na kubalansiwa, pampu ya petroli ya kabureta haina presha ya EFI, yaani injini ya kupuliza mafuta kwa kompyuta, waya za kompyuta yake ni kama nywele, na ukimaliza hayo yote una difu na breki zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi mia. Af namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, TRA nao lazima wajue. Yote hayo yanawezekana, watu wamefanya. Ila mi nilisimama pale uani naangalia gari ambalo juzi tu lilikuwa na gazeti badala ya bati, nikajiuliza hizi farasi 210 zitavuta nini. Nikaifunika turubai. Iko hadi leo chini ya turubai, mtoto anaiita tembo.

Nikarudi kwenye 2T, injini iliyozaliwa nayo, cc 1588, kabureta moja, kichwa kigumu balaa. Ilikuwa imeganda, nikamimina dizeli na oili kwenye matundu ya plagi wiki nzima ndo ikazunguka. Bloki ikachongwa, matundu ya pistoni yakapanuliwa hadi oversaizi 0.50, pistoni na ringi zikaja kwa basi kutoka Dar, mtu anakutumia namba ya basi unaenda stendi ya Nanenane saa mbili usiku unasubiri na wenzako wenye vifurushi. Bushi, masta silinda na vikorokoro vya miguu ya mbele nilivipata kwenye Carina ya zamani iliyokufa, ndo ule undugu niliosema. Ilipowaka ikawa inakohoa na plagi zinatoka nyeusi tii. Siku tatu nahangaika na pointi na kondensa, vile vya kutoa cheche, kumbe kabureta ilisetiwa Tanga usawa wa bahari, huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa nyepesi, kwa hiyo mafuta yanazidi. Tukaweka jeti (kitundu cha kupitishia mafuta) ndogo zaidi na kusogeza taimingi ya cheche mbele kidogo, plagi zikaanza kutoka rangi ya kahawa.

Wiki iliyopita nimeliendesha kwa mara ya kwanza barabarani, Jumapili asubuhi, Nkuhungu hadi barabara ya Singida na kurudi, praima ya kijivu mwili mzima, hamna kapeti, linanuka petroli na rangi mbichi. Rimu bado ni zile za nati nne inchi 13, usukani mzito ukiwa umesimama, ukitembea unakuwa mwepesi, gia ya tatu inaingia kama unachovya ugali kwenye mlenda. Wenye Altezza wakanipita wakapiga honi. Sijali bana.

Nikampigia mzee kumpa habari. Alifurahi sana, akaniuliza kama oili inavuja, nikamwambia kidogo, akasema basi ndo lenyewe. Halafu akaniuliza, "Na mlango wa kushoto, unaunyanyua?"

Nikamwambia shikamoo babu, umejuaje?

"Aah, huo ulishuka tangu Tanga, niligonga kisiki cha mkonge mwaka 81. Unaunyanyua hivi unausukuma na nyonga. Si ndo maana niliufunga waya."

Bado sijaenda Chang'ombe. Elfu themanini iko mezani hapa.