Nilivyoshinda woga wa kuanguka

Nilianza judo nikiwa nimeshavuka miaka 40, na nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ndiyo inayowapeleka wengi: nilitaka kujua la kufanya mtu akinikwida au akinisukuma ukutani. Ya pili sikumwambia mtu. Mama alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo kila nilipokanyaga sakafu yenye maji mwili wangu wote ulikakamaa. Nilikuwa nashuka ngazi nimeng'ang'ania reli kwa mikono miwili, na umri wangu haukuwa wa kuishi hivyo.

Woga huo haukuwa wa bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wale waliopita miaka 60. Katika vifo vya ajali duniani, kuanguka kunashika nafasi ya pili, nyuma ya ajali za barabarani. Mtu wa kunivamia huenda nisikutane naye maisha yangu yote. Ardhi nitakutana nayo tu.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mtaratibu asiyepaza sauti. Nilipomuuliza ni lini tutaanza kupigana mieleka, alinijibu, "Dada, hapa hubwagwi na mtu mpaka ujue kutua." Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, alianza na chumba cha mikeka 12 tu. Alikuwa mtu wa umbo dogo, ameonewa sana shuleni, na ndiyo maana akaenda kusoma jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Kijapani. Alichokuja kukifanya baadaye ni kuziweka kando mbinu za hatari na kubakiza zile ambazo watu wanaweza kufanyiana kwa nguvu zao zote, kisha kesho wakarudi tena mazoezini. Mpango huo unawezekana kwa sharti moja: anayebwagwa awe anajua kuanguka. Ufundi huo unaitwa ukemi, na mwalimu alitushikilia hapo kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda.

Tulianza tukiwa tumeshalala chali. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, kisogo kisiguse mkeka hata kidogo. Halafu mikono miwili inainuliwa mbele ya kifua na kushushwa kwa kishindo, kiganja na kigasha vikigonga mkeka kwa pamoja, huku pumzi ikitoka. Pembe ya mkono ina maana kubwa. Ukiuachanisha na ubavu kwa nyuzi 30 hadi 45 uko salama. Ukiupeleka juu zaidi bega ndilo linalopokea kishindo, na ukiubana mno unaulalia. Lile pigo si la kujionyesha. Linatawanya nguvu ya anguko kwenye eneo pana badala ya kuiacha ikusanyike kwenye mfupa mmoja, na linaupa mkono kazi ya kufanya, usije ukaenda nyuma kutafuta pa kujishikiza.

Kutoka kulala tukapanda kukaa, kutoka kukaa tukapanda kuchuchumaa. Hadi hapo sikuwa na tatizo. Tatizo lilikuja tulipotakiwa kuanguka kinyumenyume kutoka wima. Nilisimama pale pembeni mwa mkeka, magoti yamefungika, pumzi imekwama kooni, na mwili ukakataa katakata. Wenzangu, wengine vijana wadogo sana, walikuwa wakishuka na kuinuka bila wasiwasi.

Mwalimu hakunisukuma wala hakunihimiza. Alinisogelea akasema, "Usianguke. Kaa." Alitaka nishushe makalio hadi karibu na visigino, mgongo ukiwa umepinda, kisha nijiachie nyuma. Neno lile moja lilinifungulia mlango. Mtu anayeanguka nyuma kwa ufundi hashuki kutoka urefu wa kichwa chake. Anashuka kutoka urefu wa makalio ya mtu aliyechuchumaa, na mgongo wake unabingirika badala ya kugonga. Nilichokuwa nakiogopa ni anguko ambalo hakuna mtu pale aliyekuwa akilifanya.

Lakini ili ushuke hivyo taratibu, mapaja lazima yawe na nguvu, na yangu hayakuwa nayo. Shingo pia ilikuwa dhaifu: baada ya maanguko machache kidevu kilianza kuachana na kifua, na hapo ndipo kisogo hupigwa. Basi nyumbani nikajipangia kazi mbili. Ya kwanza, kulala chali na kuinua kichwa kidogo tu kutoka sakafuni, nikikiacha hapo hadi misuli ya mbele ya shingo ianze kutetemeka, kisha nakishusha polepole. Ya pili, kuchuchumaa na kusimama, mara nyingine nikishuka hadi kukaa chini kabisa na kuinuka bila kujishika popote. Niliyafanya asubuhi kabla ya kazi, kidogo kidogo, na siku ambazo goti liliuma niliishia nusu ya njia. Kama kuna zoezi moja ningelipendekeza kwa mtu yeyote mwenye umri wangu, hata asiyefikiria judo kabisa, ni hilo la kwenda sakafuni na kurudi juu kwa nguvu za miguu yake.

Kuanguka kwa ubavu kulinipa kazi nyingine. Silika ya mtu anayeanguka ni kutanguliza mkono ulionyooka. Uzito wote unapita kwenye kiganja, unapanda hadi kifundo cha mkono, kiwiko, bega, na popote penye udhaifu ndipo panapovunjika. Mara nyingi ni kifundo cha mkono au mtulinga. Kuiondoa silika hiyo kwa maneno haiwezekani. Mwalimu alinifanya nishike ukosi wa vazi langu kwa mkono mmoja nikiwa naanguka, ili mkono ule usiwe na nafasi ya kukimbilia chini, na mkono wa pili peke yake upige mkeka pamoja na mguu. Baada ya kurudia sana, siku moja niligundua kwamba nimeanguka bila kufikiria mikono iko wapi.

Kuanguka kwa hiari ni jambo moja, kubwagwa na mtu ni jambo jingine. Mara ya kwanza nilibwagwa na kijana aliyekuwa amepiga magoti na kuinamia mikono yake, nikapitishwa juu ya mgongo wake hadi kwenye godoro nene. Baadaye ndipo tukasimama. Nilijifunza kuangalia jambo ambalo watazamaji hawalioni: mbwagaji mzuri hauachii mkono wa nguo wa mwenzake. Anaushika mpaka mwisho, na mwili unapokaribia mkeka anauvuta juu kidogo, hivyo unatua kwa ubavu huku kichwa kimeinuliwa. Nilianza kuchagua watu wa kufanya nao mazoezi kwa kigezo hicho tu. Asiyeinua mkono sikukubali anibwage, awe na mkanda wa rangi yoyote.

Kuna mbwago mmoja mwalimu alituchelewesha kuupokea kwa makusudi, nao ni osoto gari, ule wa kumpiga mwenzako ngwara kwa nyuma ya paja huku unamsukuma kifua. Unamwangusha mtu moja kwa moja kinyumenyume, na ndio uliotajwa zaidi madaktari wa Japani walipochunguza majeraha mabaya ya kichwa katika judo, ambayo mengi yaliwapata wanaoanza. Kwa hiyo nasema kwa moyo mkunjufu kabisa: ukiingia mahali pa mazoezi na siku ya kwanza mtu anataka kukupiga osoto gari, vua vazi uondoke.

Kilichonishangaza ni kwamba woga ulipopungua, mchezo wangu mzima ulibadilika. Katika randori, yaani mazoezi ya kushindana kwa uhuru, nilikuwa nimezoea kumkaba mwenzangu huku mikono yangu imenyooka kama fito, nikimsukuma mbali asinikaribie. Nilidhani ninajilinda. Kumbe mikono migumu ndiyo inayompa mpinzani habari zako zote: akivuta, mwili wako wote unakuja, akisukuma, wote unakwenda. Na ule ugumu haukutoka mikononi, ulitoka kwenye hofu ya kwenda chini. Nilipokubali kwamba nikibwagwa nitatua, viwiko vililegea vyenyewe, na nikaanza kusikia mguu wa mwenzangu unapobeba uzito na unapouachia. Kumtoa mwenzako kwenye mizani katika sekunde hiyo ya uzito kuhama, Wajapani wanakuita kuzushi, na bila hiyo hakuna mbwago hata mmoja unaotoka vizuri. Nilikuwa nimeelezwa habari za kuzushi tangu mwanzo nikaitikia kwa kichwa tu. Sasa nikaihisi.

Nije kwenye kujilinda, maana ndiko nilikoanzia. Sina imani na mafunzo ya mchana mmoja ambapo mtu anakushika kifundo cha mkono, unakizungusha, anaachia, mnapigiana makofi. Mtu aliyekukusudia hakushiki hivyo, anakuja na uzito wake wote, na uwezekano wa kwenda chini ni mkubwa. Ninachokiamini ni mfuatano huu ambao tumeufanya tukisukumwa kwelikweli na mwenzetu asiyetuonea huruma: kuanguka bila kuumia, kugeuza miguu imwelekee yeye, kuinuka, kuondoka.

Kuinuka kuna namna yake. Ukiinuka kwa kuinamia mbele unampa uso wako. Tunafundishwa kuketi kwa ubavu, mkono mmoja nyuma ukiwa nguzo, mwingine mbele ya uso, mguu wa upande wa mkono wa mbele umekanyaga chini. Unainua makalio ukisimama juu ya nguzo hizo mbili, mguu ulio huru unaupitisha chini yako hadi nyuma, unasimama ukiwa umeshajitenga naye. Nilipoijaribu mwanzoni niliona haina lolote. Nilipoijaribu huku mtu ananikimbilia ndipo nilipoielewa. Pamoja nayo tunapiga kelele, "Rudi nyuma!", kwa sauti ya tumboni. Sauti inamshtua yeye, inawaita watu, na inakulazimisha wewe kutoa pumzi ambayo hofu imeibana.

Jambo moja la kuangalia ni kwamba lami si mkeka. Kuipiga sakafu ngumu kwa kiganja kunaumiza, na ukemi wa kupiga haukufai sana huko. Kwenye sakafu ngumu ni bora kubingirika kwa mshazari, kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, ili uti wa mgongo na kichwa visiguse. Hiyo inaitwa zempo kaiten, na ndiyo niliyoichelewa kuliko zote. Upande wa kulia naweza kuifanya nikiwa natembea, hata nikiwa na begi mkononi. Upande wa kushoto bado bega linagonga badala ya kuviringika, kwa sababu sijiamini kuliingiza ndani vya kutosha, kwa hiyo kila mwisho wa mazoezi nabaki kidogo nikiifanya kutoka magotini: mkono wa kushoto ukiwa umepinda kama upinde, kidole kidogo chini, macho yakitazama kwapa la kulia.