Nairobi hadi Kikaaya siku za Mfungo

Basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kampala kupitia Busia huchukua saa 12 hadi 14, foleni ya mpakani ikiwemo. Kwa Mbahá'í, yaani mfuasi wa dini iliyoanzishwa na Bahá'u'lláh, anayesafiri mwezi Machi kwenda Nyumba ya Ibada ya Kikaaya, Kampala, hesabu hiyo huangaliwa kabla ya nauli. Mfungo wetu ni wa siku 19 na huishia Naw-Rúz, mwaka mpya wetu, tarehe 20 au 21 Machi. Kitáb-i-Aqdas, kitabu cha sheria za dini yetu, kinamsamehe msafiri ambaye safari yake inazidi mwendo wa saa tisa. Anayekwenda kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Kinachopimwa ni muda, si kilomita. Anayeruka Nairobi na kutua Entebbe muda mfupi baadaye hana ruhusa hiyo; sisi wa basi tulikuwa nayo. Chai ya Busia niliinywa jua likiwa limeshatoka, na siku hiyo hailipwi baadaye.

Wasiosafiri hufunga tangu jua linapochomoza hadi linapozama, si tangu alfajiri kama Ramadhani, kwa hiyo daku inaweza kuliwa kukiwa kweupe. Wanaofungwa na sheria hii ni wenye miaka 15 hadi 70. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kazi nzito wamesamehewa.

Sala ya faradhi haina msamaha wa namna hiyo kwa msafiri. Zipo tatu, unachagua moja kila siku: ndefu, mara moja wakati wowote ndani ya saa 24, ya kati, mara tatu, yaani asubuhi, mchana na jioni, na fupi, mara moja kati ya adhuhuri na machweo. Njiani ninapendelea fupi, maana ile ya kati sehemu yake ya asubuhi inaweza kukukuta katikati ya foleni ya uhamiaji. Kabla ya sala unanawa mikono na uso. Bomba likiwa kavu, unasema mara tano: "Kwa jina la Mungu, Aliye Safi Kabisa, Aliye Safi Kabisa."

Wageni wengi wa Kampala hukosea saa. Jiji liko magharibi mwa ukanda wake wa saa, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi jua hufika utosini karibu saa saba mchana. Mombasa ni kama saa sita na nusu. Anayesali saa sita na robo Kampala amewahi, adhuhuri bado. Kosa la pili ni kibla. Programu nyingi za simu zinaelekeza Makka, ilhali sisi tunaelekea Bahjí, karibu na Akka, alikozikwa Bahá'u'lláh. Kutoka Kampala ni kaskazini, ukiinamia mashariki kidogo tu. Kutoka Nairobi unainamia magharibi kidogo.

Katikati ya jiji unapanda taksi za barabara ya Gayaza (huko taksi ni matatu), unapita Kalerwe, kisha bodaboda inakupandisha kilima cha Kikaaya. Nyumba ya Ibada ina pande tisa na milango tisa. Shoghi Effendi, kiongozi wa Wabahá'í wakati huo, aliamua ijengwe hapa baada ya mateso ya Wabahá'í wa Iran ya 1955 kuzuia ujenzi wa ile ya Tehran, lakini alifariki 1957, hata jiwe la msingi halijawekwa. Mjane wake, Rúhíyyih Khánum, aliifungua Januari 1961. Msingi umeshuka mita tatu ardhini kwa ajili ya matetemeko. Vigae vya kuba vilitoka Italia, mbao za milango na mabenchi ni za Uganda.

Jumapili asubuhi husomwa maandiko ya dini mbalimbali. Hakuna mahubiri, sanamu wala ala za muziki. Sauti ya binadamu tu ndiyo inayosikika, na kwaya bila kinanda hapa, kwa maoni yangu, inatosha kabisa. Usitafute sahani ya sadaka: michango hupokewa kutoka kwa Wabahá'í peke yao.

Makaburi yako karibu, na yanaonyesha sheria nyingine ya safari: maiti haisafirishwi zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka alipofia. Ndiyo maana Músá Banání, Mwirani aliyehamia Kampala 1951, yuko hapa. Yupo pia Enoch Olinga wa Teso, Mbahá'í mashuhuri wa Uganda, aliyeuawa pamoja na mkewe na watoto wao watatu Septemba 1979. Miaka miwili kabla, Idi Amin alikuwa ameipiga marufuku dini yetu, na Wabahá'í wakavunja mabaraza yao, kwa kuwa kutii serikali ni sehemu ya imani.

Tukirudi kwenye Mfungo, msafiri anayekaa Kampala chini ya siku 19 hafungi muda wote huo. Anayepanga kukaa siku 19 au zaidi husamehewa tatu za kwanza tu. Ukirudi nyumbani Mfungo haujaisha, unaanza kufunga siku inayofuata kufika kwako.