Vile nilichagua bastola ya plastiki ya kulinda boma, Nakuru

Niseme mapema, kama bado huna satifiketi ya silaha usianze kuangalia bastola, utajisumbua bure. Kenya huingii dukani ukatoka na mguu wa kuku vile mtu hununua simu. Kuna fomu, alama za vidole, satifiketi ya tabia njema ya DCI (wale wapelelezi wa polisi), halafu maswali kuanzia huku chini mpaka kwa bodi ya leseni kule juu: unaitaka ya nini, unakaa wapi, kazi yako ni gani, akili iko sawa. Mimi niko na stoo ya nafaka hapa town na nakaa Kiamunyi upande wa mashamba, jirani zangu wawili walikuwa wamevunjiwa usiku, so sababu ilikuwa inajieleza. Hiyo safari ya makaratasi ilikula muda kuliko kitu kingine chochote na siwezi kuimaliza hapa. Nataka kuongea ile siku umeshakubaliwa, unaambiwa sasa tafuta silaha, na ghafla kila mtu kwa mtaa ni mtaalamu.

Wazee wengi watakwambia Ceska. Na si vibaya, ndiyo wameiona kwa polisi miaka yote, ukisoma habari za wizi utapata "bastola aina ya Ceska" mpaka unafikiria hakuna nyingine duniani. Shida ni kwamba ile Ceska yenyewe, CZ 75 ya chuma tupu, inakaribia kilo moja bila risasi. Ukiishika kwa renji, pale watu hufanyia mazoezi ya shabaha, inatulia mkononi vizuri sana, uzito unameza ule mrusho wa bastola kurudi nyuma ukifyatua, lakini ukitembea nayo kiunoni siku nzima kwa stoo ukiinama kupima magunia, jioni mgongo unakuambia. Pia chuma na jasho hawapendani. Hiyo ndiyo ilinipeleka kwa fremu za polima, yaani plastiki ngumu, ambazo sasa ndizo wengi wanabeba.

Plastiki ilikuwa inanitia wasiwasi pia, si uongo. Mtu akisikia plastiki anawaza beseni. Lakini hii kitu si ya jana, Heckler & Koch wa Ujerumani walitoa ya kwanza, VP70, mwaka wa 1970, halafu Gaston Glock wa Austria, mtu ambaye hakuwa hata ametengeneza bunduki kabla ya hapo, akaleta Glock 17 na jeshi la Austria likaichukua 1982. Na plastiki ni ile fremu tu, pale unashika. Mtutu ni chuma, slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, ni chuma, springi ni chuma, na hata ndani ya hiyo fremu kuna reli za chuma ambazo slaidi inateleza juu yake. Ndiyo maana ile stori ya kwamba bastola ya plastiki inapita kwa mashine ya ukaguzi bila kulia ni porojo, soja wa supamaketi akikupitishia kile kidude chake kitalia tu.

Kwa hivyo nikaanza kushika. Mwalimu aliyenifundisha ni mzee aliyestaafu utumishi, hana maneno mengi, nilipoanza kumsomea majina kutoka kwa simu alinikata, "Wachana na jina kijana, leta mkono." Akaniweka Glock 17 mkononi, akaangalia kidole changu kwa triga, akasema hapana. Mimi niko na vidole vifupi, so ili nifike triga vizuri ilibidi nigeuze mkono kidogo, na ukigeuza mkono mtutu haulingani tena na mfupa wa mkono wako, mrusho wote unakuja kwa kidole gumba. Na hapo ndipo nilielewa kitu ambacho sasa namwambia kila mtu, kwamba hizi bastola za polima zinategemewa kulingana na vile umezishika, si vile zimeandikwa ubavuni.

Wacha nieleze juu hii ni muhimu. Ukifyatua, slaidi inarudi nyuma kwa nguvu, inatema ganda, inarudi mbele na kubeba risasi nyingine. Ili irudi nyuma yote inahitaji fremu imekaa imara, iwe na kitu cha kuisukuma. Fremu ya chuma ina uzito wake wa kusaidia, fremu ya plastiki ni nyepesi, so mkono ukilegea kwa kifundo bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi na ile slaidi inaishiwa nguvu kabla ya kufika mwisho. Niliona ikifanyika kwa mama mmoja aliyekuwa laini ya pembeni yangu, bastola nzuri, mpya kabisa, ganda likasimama wima limebanwa kwa dirisha la slaidi kama bomba la jiko. Akaanza kulaumu bastola. Mzee akaichukua, akapiga magazini nzima (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwa mpini) kwa mkono mmoja bila hata kutingika, akamrudishia. "Mama, kaza kifundo, usikaze vidole." Akakaza, ikaenda yote.

Nilijaribu kadhaa. Smith & Wesson M&P niliipenda mkononi, inakuja na vipande vya nyuma vya kubadilisha kulingana na kiganja, na kitu kizuri zaidi unaweza kuifungua kuisafisha bila kuvuta triga, ambayo kwa Glock lazima uvute, na watu wamejipiga hivyo wakidhani chemba, pale risasi inakaa tayari kufyatuliwa, iko tupu. SIG P320 pia iko sawa, jeshi la Marekani waliichukua 2017, lakini mwaka huohuo kampuni ilianza kuwabadilishia watu sehemu za triga bure baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka, ni vizuri ujue unanunua ya kabla au ya baada. CZ P-10 C ya Wacheki ndiyo iliniuma roho, triga yake ni safi kuliko zote nilizoshika, ukiivuta inaachia mahali pamoja kila saa, na kama pesa na vipuri vingekuwa si hoja ningeichukua hiyo.

Lakini nilichukua Glock 19. Haina urembo wowote, triga yake ni ya kawaida tu, mzee mwenyewe huiita jembe. Ni fupi kuliko 17, inabeba risasi 15, ikiwa tupu ni kama gramu 600, na hii ni ya toleo jipya lenye mpini mwembamba kidogo kuliko ile 17 ya zamani ya mzee, so kidole changu kinafika. Kilichonimalizia ni vipuri na magazini. Ukikwama na springi au magazini imeharibika, hii utapata mtu ako nayo, na magazini ya 17 inaingia kwa 19 bila shida, inatokeza tu kidogo chini. Ile CZ ingenilazimu nisubiri mpaka mtu aniagizie.

Kabla niiamini kwa nyumba niliipigisha risasi za aina ile tu naweza kupata hapa kila wakati, si zile za bei ya kishua nilizopewa kuonja. Na magazini zangu zote nimeziandika namba na makapeni. Hii ni kitu ndogo lakini ishike, juu ikikwama mara mbili na magazini namba 2, bastola haina kosa, ni ile magazini, iangalie midomo yake, pale risasi inatokea, ama uitoe kazini. Bila namba utakaa ukilaumu kila kitu. Kumbuka pia satifiketi imeandikwa idadi ya risasi unaruhusiwa kuwa nazo, so za mazoezi nunua renji upige uishie hapo.

Vumbi ya Nakuru nayo tuiongelee. Hii yetu ni ya volkano, laini kama unga, kuanzia Januari mpaka mvua ishuke inaingia mpaka kwa friji. Ukijaza bastola mafuta inakuwa uji wa mchanga ndani. Polima haishiki kutu, sawa, lakini slaidi na mtutu vinateseka. Mimi naweka tone dogo kwa reli, tone kwa mtutu pale unasugua, mengine nakausha na kitambaa. Binamu yangu ako Kisumu, kule shida ni unyevu wa ziwa, yeye anapaka mafuta mengi kuliko mimi na yuko sahihi kwa kwake.

Kitu kingine watu hawakiwazi, hii "bastola ya nyumba" kisheria ni ya mtu mmoja. Satifiketi ni jina langu. Mama watoto hana ruhusa ya kuishika, na aliniuliza waziwazi, "Sasa Baba Shiru, ukiwa Eldoret mimi hiyo chuma inanisaidia nini?" Swali la maana. Haimsaidii. Ndiyo maana kabla ya bastola nilikuwa nimeweka grili ya korido inayofunga vyumba vya kulala upande mmoja, taa za nje, na mbwa wawili wabaya, juu hivyo vinafanya kazi nikiwa au nisipokuwa. Na namba ya sefu ninaijua peke yangu, sefu yenyewe imefungwa kwa ukuta na bolti ndani ya kabati, Glock haina ile seifti ya pembeni, kile kifungo cha kidole cha kuizuia kufyatuka, mtoto akifika triga ikiwa imejazwa imeisha.

Halafu fikiria kuta zako. Risasi ya milimita 9 inapita mabati na plaiwudi kama haijaona kitu. Upande wangu wa magharibi kuna nyumba za mabati za wapangaji, so nimeshaamua ndani ya kichwa ni korido tu, nikiangalia ukuta wa mawe, upande ule mwingine sipigi hata iweje. Na mwizi akiwa anakimbia na mbuzi wako, hiyo si kujitetea, kifungu cha 17 cha Penal Code kinakulinda ukiwa hatarini kweli na nguvu yako ikiwa inalingana, si ukiwa na hasira ya mbuzi.

Kitu kimebaki ni taa ya kufunga chini ya mtutu. Fremu iko na reli ya kushikia taa tayari, na usiku stima zikipotea huwezi kupiga kitu hujakitambua. Lakini ikiwa na taa haiingii kwa sefu niliyo nayo, so nitaanza na fundi wa sefu kwanza, halafu taa.