Nilivyojua mwanangu atasoma nini muhula mzima, tuisheni nikaiweka pembeni

Naandika hii kwa sababu nimechoka na ule ushauri wa "mnunulie vitabu vya mazoezi mlundike na umpeleke tuisheni". Kila muhula ukikaribia ndo wimbo huohuo kwenye grupu la wazazi, huyu wa kwake kamaliza kitabu chote likizo, yule kashaingia cha darasa la mbele, na wewe ambaye mtoto wako anacheza nje unajiona mzazi wa hovyo. Na mimi nikashauriwa hivohivo, mtoto akaenda, likizo nzima anatoka na daftari anarudi na vema nyekundu kurasa kwa kurasa, mwalimu wa tuisheni ananiambia "mama, huyu sehemu kamaliza, tuko desimali sa hivi".

Siku moja tumekaa tu nikamwambia hebu nijumlishie nusu na theluthi. Akaandika fasta bila hata kupepesa macho: 2/5. Ya juu kajumlisha na ya juu, ya chini na ya chini, akapiga na mistari miwili chini ya jibu kama mhasibu anayefunga mahesabu. Hela ilikuwa imeshaenda na haikuwa kidogo, tuachane nayo hiyo.

Muhula huu nikasema hapana. Nikaenda kwa mwalimu wake nikaomba kuona azimio la kazi, ule mpango ambao mwalimu anauandika wa muhula mzima, wiki hii mada hii, wiki ile mada ile. Mwalimu akaniangalia, "Mama, umekuja kunikagua?" Nikamwambia hapana mwalimu, nataka tu nisije nikamchanganya mtoto kule nyumbani wakati wewe unahangaika naye huku. Akacheka, akanifungulia nikapiga picha. Ila usiende siku ya kufungua shule, siku hiyo walimu wanagawa vitabu na kupanga madawati utaonekana msumbufu bure, subiri mambo yatulie. Na kama mwalimu wako ni mgumu basi fungua ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu cha mtoto, utapata mada karibu zote, shida yake kitabu hakikwambii ipi itachukua muda mrefu.

Na hapo kwenye muda ndo nataka watu wanisikilize. Wengi wakilipata azimio wanasoma safu ya mada tu, namba nzima, namba za Kirumi, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), sehemu, vipimo, maumbo, wanaona zote sawa wanaanza kumkimbiza mtoto kutoka juu kwenda chini. Mi nikaenda moja kwa moja kwenye safu ya vipindi. Namba za Kirumi zina vipindi vichache mno, hizo mtoto anazimaliza na mwalimu wake wala mzazi huna haja ya kujitoa jasho. Sehemu zimebeba wiki na wiki. Bas, nikajua muhula huu ni wa sehemu, mengine ni wasindikizaji.

Halafu nikasoma azimio kinyumenyume. Yani kabla mtoto hajajumlisha sehemu zenye asili tofauti, yani namba za chini hazifanani, inabidi ajue kutafuta KDS, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili bila baki, na KDS haipatikani kama vigawe vya namba havijui, na vigawe ni nini kama siyo tebo ileile ya kuzidisha? Wangu ukimuuliza 7×8 anaangalia dari. Kumbe tatizo la muhula huu lilikuwa limelala madarasa ya nyuma huko, na tuisheni yote ile ilikuwa inampeleka mbele!

Tebo nayo watu wanatisha watoto bure, "kariri zote mia". Nilikaa naye tukachora jedwali la 1 mpaka 10, miraba 100 kweli. Nikamwambia 3×8 na 8×3 si kitu kimoja? Futa moja. Tukafuta za namna hiyo zote zikabaki 55. Haya, tebo ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10 unazijua? Anazijua, tukafuta, zikabaki 21. Ya 9 nikamfundisha ile ya vidole, nyoosha vidole vyote kumi mbele yako, ukitaka 9×7 kunja kidole cha saba kuanzia kushoto, kushoto vimebaki 6, kulia vimebaki 3, jibu 63. Alirudia hiyo mpaka nikamwambia inatosha sasa. Tukafuta na za 9, zikabaki 15 tu kwenye jedwali lote. Mtoto aliyekuwa anaambiwa ana mia moja za kukariri ukimwonyesha kumi na tano anakuangalia kama umemsamehe deni. Tukawa tunazishughulikia kidogokidogo jioni, tukianza na hiyo 7×8 yake.

Sasa ile 2/5. Nilikuwa sijaisahau, nilikuwa naisubiria kwa hamu. Nikanunua manila, bei ya kawaida tu haikuumi, nikakata mikanda ya sentimita 30, urefu sawasawa na rula. Mbona 30? Kwa sababu nusu yake ni 15, theluthi ni 10, moja ya tano ni 6, moja ya sita ni 5, hakuna kuhangaika na milimita. Kila mkanda nikauchorea mistari yake. Nikamwambia weka nusu mezani, akaweka. Haya niwekee na jibu lako hapo chini, mbili ya tano. Akaweka, sentimita 12 chini ya sentimita 15.

Nikamuuliza, "Ulikuwa na nusu, nikakuongezea theluthi, sasa unacho kidogo kuliko mwanzo?"

Akausogeza mkanda akidhani umekaa vibaya. Akachukua rula akapima. Akaugeuza nyuma, akapima tena. Mwisho akasema "mama umekata vibaya", nikamwambia pima yote unayotaka baba, nipo.

Ndo tukaunga nusu na theluthi kichwa kwa mkia, ikaja 25. Nikamwachia atafute mwenyewe ni mkanda upi wenye mstari unaoangukia hapo. Wa tano haukubali, mstari uko 24 halafu unaruka mpaka 30. Wa sita ukakaa pale pale, vipande vitano. "Tano ya sita!" kasema yeye, siyo mimi. Na baadaye kidogo akaniambia kumbe ndo maana mwalimu anatafuta KDS ya 2 na 3. Nilijifanya naosha vyombo lakini moyoni nilikuwa nacheza.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu, muulize mwalimu anatumia njia gani kwenye kutoa kwa kukopa na kugawanya kwa njia ndefu, maana sisi tulifundishwa kivyetu na ukimwekea mtoto njia yako juu ya ya mwalimu anatoka na njia ya tatu ambayo haipo duniani.

Sayansi muhula huu ilikuwa na mzunguko wa maji, hiyo niliimaliza na glasi moja. Maji ya baridi sana kwenye glasi, baada ya muda nje kunatoka matone, mtoto anasema inavuja. Nikatia wino kwenye maji, nikafuta nje tukasubiri. Matone yakatoka hayana rangi. Yangekuwa yanavuja si yangekuwa na rangi ya wino? Yametoka hewani, mvuke umegusa kitu baridi ukageuka maji, na mawingu ni habari hiyohiyo.

Yule mdogo wake azimio lake ni kusoma tu karibu lote, na alikuwa ananisomea kitabu kizima kama maji, mpaka nilipoziba picha kwa kiganja nikamwambia aanze na sentensi ya chini. Kimya. Alikuwa kakariri hadithi, siyo kusoma. Jaribuni kwenu muone.

Maarifa ya jamii na mengine sikuyagusa, anaendelea vizuri na siwezi kufundisha shule nzima mimi.

Muhula ujao naona desimali na asilimia ndo zenye vipindi vingi, nimeshaunga manila mpaka imefika mita moja, sentimita 100, kila sentimita asilimia moja. Na mnaoniomba niwatumie picha ya azimio langu, kaombeni la mwalimu wenu kwanza, shule mbili zenye darasa lilelile zinaweza kuwa zimepanga mada kwa mfuatano tofauti kabisa.