Ugali wa muhogo wa Kigoma, Kisumu: awamu ya tatu

Lengo halijabadilika: ugali wa muhogo mweupe, laini, pamoja na kisamvu cha mawese na dagaa, kwa vitu vya soko la Kisumu. Muhogo umejaa. Shida ni kwamba huku una kazi nyingine. Hukatwa vipande, huanikwa, kisha husagwa pamoja na mtama au wimbi, na unga wake ni wa rangi ya udongo, mzuri sana kwa kuon, yaani ugali wa Waluo, lakini si ule unaotafutwa hapa. Hata ukipata unga mtupu wa muhogo, mara nyingi ni wa makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa bila kulowekwa. Ugali wake unanata kama gundi na una kautamu kasikoelewana na dagaa. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye mzizi.

Awamu ya 1: imetupwa
Muhogo ulinunuliwa Kibuye siku ya soko kubwa, Jumapili, ukamenywa Jumanne. Hapo ndipo ulipoharibikia. Muhogo ukishang'olewa hauna subira: baada ya siku mbili hivi ndani hutokea michirizi ya bluu inayoelekea weusi, na sehemu hizo hazilainiki hata ukiziloweka wiki nzima. Siku hizi mzizi mmoja hukatwa ncha palepale mbele ya muuzaji. Ukiwa mweupe kama chaki, chukua. Ukiwa na michirizi, hata punguzo la bei halisaidii. Kumenya ni siku hiyohiyo.

Awamu ya 2: nusu imefaulu
Kilo 10 za muhogo wenye maganda, ukamenywa, ukakatwa vipande vya urefu wa kiganja na kupasuliwa katikati. Ndoo ya lita 20, maji yazidi vipande kwa vidole vinne, sahani juu na jiwe safi la kugandamiza. Kipande kinachochungulia nje ya maji huota ukungu na kuharibu ndoo nzima. Kwa joto la Kisumu siku 3 zinatosha. Nakuru, ambako usiku ni baridi, tegemea 4 au 5. Lakini kipimo si siku, ni kidole: kikizama kwenye kipande bila kulazimishwa, tayari. Harufu iwe ya uchachu, kama ya togwa iliyokomaa. Ikinuka uozo, mwaga.

Kuloweka kulikwenda vizuri, kukausha kukaharibu. Vipande vizima vilihitaji siku nne za jua, na Kisumu jua la asubuhi ni kali lakini alasiri wingu la ziwani linaweza kukumwagia mvua kabla hujakunja turubai. Siku ya tatu yakatokea madoa meusi na ya waridi. Wapo wanaovundika muhogo makusudi hadi uote ukungu, kisha wanaukwangua, na huo ndio udaga. Huu haukukusudiwa, ukatupwa.

Awamu ya 3: imefaulu
Kilichobadilika ni kutokukausha vipande. Muhogo uliolainika unapondwa kwa mkono, zile nyuzi za katikati zinatolewa, kisha unafungwa kwenye gunia safi na kukandamizwa kwa mawe usiku mmoja. Asubuhi unafikichwa na kutandazwa mwembamba, unene wa ukucha, juu ya kichanja cha waya, si chini. Unaanikwa saa tatu asubuhi na kuingizwa ndani saa tisa. Siku mbili zilitosha. Chenga zikivunjika kwa mlio, zimekauka.

Kilo 10 zilitoa kilo 2 na nusu za unga. Anayepanga mradi huu ajue hesabu hiyo mapema, maana ndoo iliyojaa inaishia kwenye kimfuko kidogo.

Posho mill nayo ina mtego. Mashine iliyotoka kusaga mahindi inakuachia mahindi. Nusu kilo ya kwanza kinga pembeni uifanye uji.

Kuhusu sumu, maana wengine huuliza kama kuloweka ni ladha tu. Muhogo una kemikali inayozaa sayanidi. Kulowekwa kunaupa muda muhogo wenyewe kuivunja, kisha sumu inatoka na maji na hewa. Ukikaushwa haraka bila kulowekwa, nyingi inabaki, hasa kwa muhogo mchungu. Kiwango cha juu cha sayanidi kinachokubalika kimataifa kwa unga ni miligramu 10 kwa kilo. Mwaka 1985 huko Tarime, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, kulizuka konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla na usiopona, wakati wa ukame, watu walipolazimika kufupisha maandalizi ya muhogo mchungu. Unga wa dukani ambao hujui ulivyotengenezwa, uloanishe uwe kama tope zito, utandaze mwembamba kivulini kwa muda wa saa tano, kisha upike siku hiyohiyo.

Kupika: vikombe 3 vya maji kwa 2 vya unga. Maji yakichemka, epua sufuria, mimina unga wote kwa pamoja, songa kwa nguvu, ndipo urudishe kwenye moto mdogo. Ukinyunyizia unga kidogo kidogo kama wa mahindi, kila chembe inaiva nje na kubaki mbichi ndani. Ndiyo asili ya madonge. Umeiva ukiacha weupe wa chaki na kuanza kung'aa.

Kisamvu: majani machanga ya muhogo, ya juu tu, yasiyojikunja wala kuwa na mabaka ya njano. Twanga mpaka yawe rojo, kisha chemsha bila kifuniko, sumu itoke na mvuke. Karanga za kusaga na mawese huingia mwishoni. Mawese yanaletwa kwa dumu kutoka Kigoma kupitia Sirari. Yakiganda chini ya dumu, lisimamishe kwenye maji moto na ulitikise, la sivyo utamimina mafuta mepesi wiki nzima na kubaki na uji mzito. Usiyaunguze, wekundu ukienda, ladha imekwenda nao.

Dagaa ndiyo sehemu isiyo na dawa. Omena, dagaa wa Ziwa Victoria wanaopatikana huku, ni wa ukoo mwingine kabisa, wala si wa jamii ya sadini kama dagaa wa Tanganyika, na uchungu wake uko kichwani na tumboni. Kuondoa vichwa, kuosha mara tatu kwa maji vuguvugu hadi mchanga uishe, na kukaanga bila mafuta kwanza kumesaidia. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia sokoni, iliyosafishwa hivyo inapungua sana.

Awamu ya 4 ni kilo 20 katika ndoo mbili: moja kwa maji mapya, nyingine ikianzishwa kwa kikombe cha maji ya awamu hii, kuona kama itawahi kulainika.